Mji uliokumbatiwa na Vltava

Praha

Zuhura rafiki yangu,

Salamu nyingi sana. Baada ya salamu, ule mji wa pichani uliouulizia unaitwa Český Krumlov, uko kusini mwa Ucheki. Mto ni Vltava, huu huu unaopita hapa Praha. Kule umejipinda kama nyoka, na mji umekaa ndani ya pindo lake. Ngome iko ng'ambo, juu ya mwamba.

Ngome hiyo ni ya karne ya 13. Mwaka 1302 ikawa ya ukoo wa Rožmberk, wakaishika miaka 300. Wa mwisho wao, Petr Vok, alilemewa na madeni akaiuza kwa Kaisari Rudolf II. Kaisari naye akamweka huko Julius, mwanawe wa nje ya ndoa, kijana aliyekuwa na wazimu. Mwaka 1608 Julius alimuua Markéta, binti wa kinyozi wa mjini. Namna alivyomuua sikuandikii, utakosa usingizi.

Ikaja zamu ya ukoo wa Eggenberg, halafu ukoo wa Schwarzenberg kuanzia 1719. Hawa wa mwisho walijenga upya ukumbi wa maigizo wa ngomeni katika miaka ya 1760, na mashine zake za mbao za kubadilishia mandhari zipo hadi leo, pamoja na mavazi ya waigizaji! Unajua kwa nini zimesalia? Karne ya 19 mabwana hao walihamia Hluboká, ngome yao nyingine, na fedha zao zikawafuata. Watu husifu utunzaji; mimi naona mji ulipona kwa kuachwa. Hakukuwa na tajiri wa kubomoa ajenge vipya.

Lakini kuta ndizo zilizobaki, si watu. Wakazi wengi walikuwa wasemaji wa Kijerumani. Mwaka 1938 Hitler aliunyakua mji pamoja na maeneo yote ya mpakani, na baada ya vita, serikali ya Chekoslovakia ikawafukuza Wajerumani, familia kwa familia. Nyumba zao wakapewa wageni, nyingine zikachakaa tu. Waongozaji wa watalii hukaa sana kwa Julius; habari hii ya kufukuzwa huipita mbio. Nilichukia kidogo.

Hata kabla ya hapo, mchoraji Egon Schiele alifukuzwa mjini. Mama yake alizaliwa huko, naye akahamia mwaka 1911, lakini majirani hawakuvumilia maisha yake wala wasichana waliomkalia uchi achore. Leo wana jumba la sanaa lenye jina lake, na kiingilio unalipa.

UNESCO iliuweka mji kwenye orodha yake ya Urithi wa Dunia mwaka 1992. Miaka kumi baadaye mafuriko yakaingia hadi majumbani.

Ukija, tusiende Julai, vichochoro havipitiki kwa watalii. Njoo Oktoba, na ulete koti zito. Msalimie sana mama, na niambie kama karo ya Idi imeshalipwa.

Nduguyo,
Salma