Barua ya wazi kwa DC wetu: njoo kwenye mjadala wa walei, ila sio kama mgeni rasmi

Mheshimiwa DC, kamwene.

Nakuandikia hapa hadharani kwasababu barua ya parokia ikifika ofisini kwako itageuka ratiba, tutaulizwa meza kuu ina viti vingapi, risala anasoma nani, mheshimiwa anaondoka saa ngapi. Safari hii tunataka mtu wa kukaa kwenye benchi aulizwe maswali.

Sisi walei (waumini wa kawaida, tusio mapadri wala watawa) wa hapa Iringa tuna mjadala wetu kila mwezi ukumbi wa parokia baada ya misa ya pili, wapo akina mama wa WAWATA, wazee wa UWAKA, vijana wa VIWAWA, vyama vyetu vya Kikatoliki, alafu wanakuja Walutheri na Waislamu wa mtaani maana mlango uko wazi na chai ni ya wote. Padri anakaa nyuma anasikiliza. Kwenye mahubiri huwezi kunyoosha mkono, ila hapa unambishia hata mwenyekiti wa jumuiya yako na mnarudi nyumbani pamoja.

Mara ya mwisho ishu ilikuwa udumavu. Utafiti wa afya wa 2022 ulikuta mkoa wetu una watoto waliodumaa asilimia 56.9, tunaongoza nchi nzima, wakati taifa ni 30. Sisi! Tunaolima mahindi, maharage, viazi na maparachichi! Mama mmoja akasema maharage tunauza yote tukivuna afu mtoto anabaki na ugali na majani, mzee mmoja akaleta la ulanzi, ile pombe ya mianzi, kwamba wapo wanaompa mtoto ili alale mama akiwa shamba, ukumbi ukachafuka, watu wakaona wanadhalilishwa (mzee hakukosea, ila aliongea kama hakimu). Afu kijana akauliza, ile shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano ambayo halmashauri zinatakiwa kutenga kwa lishe, ya kwetu inatoka yote na inafanya nini? Tukabaki kutazamana. Hapo ndo ulitakiwa uwepo.

Najua watakunong'oneza kwamba Wakatoliki wanachanganya dini na siasa. Mheshimiwa, Papa Leo wa 13 aliandika kuhusu ujira wa wafanyakazi tangu 1891, na Papa wa sasa kajiita Leo akimkumbuka huyohuyo, na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia uliomalizika 1965, ukasema mambo ya ulimwengu huu ni kazi ya walei hasa, sio kukaa kusubiri waraka wa maaskofu. Na Mwalimu Nyerere alikuwa nani kama sio mlei?

Mjadala unaokuja ni mabinti wa kazi za ndani. Huo utatugusa wenyewe, maana mabinti wanatolewa vijijini huku Kilolo na Mufindi wanapelekwa Dar bado watoto kabisa, na wengine wanaowachukua ni waumini wenzetu wa viti vya mbele, wanawalipa hela ya sabuni na Jumapili hawawaachii hata waende misa. Kwahiyo ukija hutabanwa peke yako.

Njoo na afisa ustawi wa jamii, na afisa lishe pia maana lile swali la kijana bado linasubiri. Maswali hatutayatuma ofisini kabla, na bahasha ya harambee iache tu, paa tulishamaliza.

Mlei mmoja, Iringa