Jesca, uliniuliza nakula nini huku Hanoi, Vietnam

Mambo shosti,

Samahani kwa kimya, huku tumewapita masaa manne, we ndo kwanza unaamka mi nishaanza kuwaza msosi wa mchana.

Haya, chakula. Jumamosi tukajikusanya wanne wa kwenye kozi tukaenda mgahawa mmoja wa kishua, jina sikutajii. Vitambaa vyeupe, AC mpaka nikajuta kuacha mtandio, na pho, ile supu yao ya ng'ombe yenye tambi, inakuja kwenye kibakuli cha kuwekea kachumbari, nyama vipande vitatu, majani mawili juu kama yamebandikwa na gundi. Supu yenyewe sitasema uongo ilikuwa tamu, imechujwa hadi unaona kitako cha bakuli. Tatizo bili. Kwenye menyu kila bei ina alama mbili za kujumlisha mi nikajua mapambo, kumbe ni hela ya huduma na VAT zinakungoja mlangoni! Ukitoa sifuri moja kwenye dong, hela ya huku, unapata kama shilingi yetu, basi mi peke yangu karibu laki na tisini, na nikarudi hosteli nikapika noodo.

Kesho yake asubuhi nikaenda mtaa wa Bát Đàn. Pale unapanga foleni, unalipa kwanza, bakuli unabeba mwenyewe linakuunguza vidole, hakuna wa kukuchekea. Jesca, pho ya pale ni supu ya asubuhi kama unayouza wewe kabisa ila badala ya chapati kuna tambi za mchele! Mifupa ya ng'ombe inachemka usiku kucha, tangawizi na vitunguu wanavichoma kwanza kwenye moto ndo vinaingia sufuriani, halafu mdalasini na ile anisi yenye umbo la nyota, ukifumba macho unasema kuna mtu anapika pilau. Kama elfu sita tu na nilishiba mpaka saa nane.

Ila we mtu wa kitimoto, chako ni bun cha, nguruwe wa kuchoma na tambi. Mchana jikoni kwenyewe ni barabarani, mama kachuchumaa anapepea mkaa, moshi wote unakuja kwako. Nyama inatumbukizwa kwenye bakuli la mchuzi wa samaki wenye siki, sukari, kitunguu saumu na vipande vya papai bichi, tambi pembeni, na majani wanakuletea kapu zima, unachuma mwenyewe kama mbuzi. Sambusa zao ndefu wanazikata kwa mkasi. Obama alikula hii mwaka 2016 na Anthony Bourdain, yule mpishi wa kwenye TV, pale mgahawa wa Hương Liên, kwenye vistuli vya plastiki, bili dola 6, siku hizi ile meza wameifungia kwenye kioo.

Sasa nakuambia hivi kwa sababu ya lile wazo lako la kununua viti vya kochi na kuongeza pizza kwenye menyu ya mgahawa wako. Yule mama wa bun cha ana kitu kimoja tu, kikiisha anafagia anaondoka. We supu yako watu wanaifuata toka Mbezi, hizo hela za makochi si bora uongeze sufuria la pili ile saa tatu isikukute umeishiwa? Makochi yatalowa mchuzi tu.

Nitakuletea anisi nusu kilo ujaribu. Halafu nitumie namba ya kiatu ya Junior, huku sokoni raba ni za kumwaga.

Wako,
Mama Kelvin