Barua ya wazi kwa Waziri wa Mambo ya Nje: mvuvi alochukuliwa na maji hana pasipoti

Mheshimiwa Waziri,

Salamu nyingi kutoka Amu, ndio Lamu. Mimi ni mwanamke wa hapa Langoni, kwetu hasa ni Kiunga, nanunua samaki na kamba kutoka kwa wavuvi wa kule juu nauza mjini, na sijawahi kumwandikia mkubwa yeyote barua maishani mwangu. Nlikuwa nshanyamaza. Yalotupata mwaka jana yalitupata, tukamshukuru Mungu mtoto karudi hai tukasema basi. Lakini Jumanne ilopita usiku mama mmoja alinigongea mlango, kavaa buibui juu ya nguo za kulalia, simu mkononi, akaniambia mwanawe na wenzake wawili walitoka Ndau tangu Jumapili alfajiri hawajarudi, na kuna namba ya Somalia imempigia mara moja ikakatika. Akasema, "Mwanangu, nipe ile namba ya serikali ulopiga wewe." Mheshimiwa, nlikosa la kumpa. Ndio maana naandika.

Nianze na yetu maana ndio naijua mwanzo hadi mwisho. Mdogo wangu ni mvuvi wa kamba, anapiga mbizi. Mwezi wa tisa mwaka jana, kusi ilikuwa inakaribia kuisha lakini bado ina nguvu zake, walitoka Kiunga watu wanne na boti ya faiba ya tajiri, mashine ya farasi 15. Mchana gea ikakatika. Wakapiga kasia mpaka mikono ikachubuka, wakafunga kikoi kwenye upondo kama tanga angalau wageuze kichwa cha boti, wapi. Labda Mheshimiwa hujawahi kukaa bahari ya kwetu, basi nikueleze: kusi ikivuma, upepo na mkondo vyote vinakwenda kaskazini, na ukishapita Kiunga na Ishakani kilobaki mbele ni mpaka. Mtu haamui kuvuka pale, anavushwa. Usiku wakaona taa za Ras Kamboni, huko ni Somalia, alfajiri ikaja boti ina watu sita na bunduki.

Siku tatu hatukujua kitu. Mamangu kila baada ya alasiri anakwenda dikoni, pale boti za uvuvi zinaposhukia, anakaa pale pale mpaka Maghrib, haongei na mtu. Siku ya nne simu yangu ikalia, namba inaanza na 252, ndio ya Somalia, nikapokea nikamsikia: "Dada, tuko hai, mwambie mama." Hayo tu. Simu ikachukuliwa na mtu mwingine, na kilichoniumiza zaidi ni kwamba alisema Kibajuni, Kibajuni kama chetu kabisa, akanambia hawa wamekutwa wanavua kwenye maji ya watu na kuna faini, dola 2,000 kwa wote wanne, boti na mashine hazirudi.

Asubuhi yake nikapiga simu ofisi moja ya serikali Nairobi, sitaitaja hapa. Kijana alopokea alikuwa na adabu, namshukuru. Akaniuliza ndugu yangu ni diaspora wa nchi gani. Nikamwambia si diaspora, ni mvuvi. Akaniuliza alitoka nchini kupitia wapi. Nikamwambia alipitia baharini, kachukuliwa na maji. Akanyamaza kidogo kisha akasema nijaze fomu mtandaoni. Ile fomu ina kisanduku cha namba ya pasipoti, kina kinyota chekundu, ukikiacha wazi haiendi mbele. Mdogo wangu hajawahi kumiliki pasipoti. Ana kitambulisho, na hicho nacho alihangaika nacho miaka mitatu, mara lete cheti cha babu, mara lete mzee wa mtaa, watu wa mpakani wanajua ninachosema. Nikaandika namba ya kitambulisho, ikakataa. Nikaandika sifuri tupu, ikakataa. Nlikaa na ile simu mpaka bando likaisha, nikanunua lingine nikaanza upya, na mamangu kakaa pembeni yangu kila dakika ananiuliza "wamesemaje?", na mimi sina la kumjibu kwa sababu fomu yenyewe ni Kizungu mwanzo hadi mwisho na hata mimi nlikuwa nabahatisha. Katiba yetu kifungu cha 7 kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa na ni lugha rasmi. Mamangu ni raia wa katiba hiyo hiyo.

Baadaye ile namba ya ofisi ikawa inaita tu. Barua pepe niliandika nyingi, nilijibiwa moja, inasema ujumbe wako umepokelewa. Chifu wa kwetu alijitahidi maskini ya Mungu, watu wa BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia diko, walijitahidi, lakini chifu wa Kiunga atampigia nani Somalia?

Walikaa siku 37. Tuliwatoa wenyewe. Bangili za dhahabu za mamangu, za harusi yake, tuliuza hapa Amu, michango ikachangwa msikitini baada ya Ijumaa, familia nyengine iliuza mbuzi wote. Pesa zikapita kwa watu wa kati na mpaka leo sijui kama ile ilikuwa faini au kikomboleo, risiti hatukupewa. Mdogo wangu alirudi na kikoi kile kile alotoka nacho, kikinuka mafuta ya mashine, mamangu alikifua mara tatu kwa sabuni ya kipande na ndimu harufu haikutoka, mwisho akakianika juu ya dari akakiacha huko na hataki mtu akiguse. Mtoto mwenyewe hapigi mbizi tena. Anasomba mchanga na punda hapa mjini, na kijana alokuwa akishuka pima nane kwa pumzi yake sasa hata kuvuka Manda kwa boti anashika ubao kwa mikono miwili.

Sasa Mheshimiwa, kwa nini haya yanatokea? Mimi sikusoma siasa za nje lakini nina masikio. Kesi ya bahari kati yetu na Somalia ilifunguliwa mahakama ya kimataifa kule The Hague mwaka 2014, Kenya tukasema mstari uende moja kwa moja mashariki, wao wakasema ushuke kusini mashariki kama mpaka wa nchi kavu unavoshuka, na tarehe 12 Oktoba 2021 mahakama ikachora mstari wake, Kenya tukasema hatuutambui. Sawa, hayo ni ya wakubwa. Lakini mvuvi yuko juu ya maji hayo hayo. Serikali moja inamwambia hapa ni kwenu, nyengine inamwambia hapa si kwenu, na hakuna hata mmoja alokuja dikoni Kiunga akakaa na wavuvi akawaonyesha mstari uko wapi. Nadhani hawa wanaokamata watu wanajua kwamba hapo pana utata na hakuna wa kuwauliza, ndio wanafanya watakavyo. Hivo ndivo ninavoona mimi.

Na si kwamba nchi hizi mbili haziongei. Zinaongea. Mwisho wa 2020 Somalia walikata uhusiano na sisi, Mei 2021 ukarudi. Julai 2022 marais wakakaa Nairobi, miraa yetu ikaruhusiwa kurudi Mogadishu na samaki wao wakaruhusiwa kuingia kwetu. Niliposikia ile habari nlifurahi wallahi, nikasema kama samaki wametajwa basi wavuvi watatajwa. Hawakutajwa. Mei 2023 serikali ikatangaza mpaka utafunguliwa, na wa kwetu, Kiunga na Ras Kamboni, ukapewa siku 90. Watu walihesabu zile siku, Mheshimiwa. Kuna mzee kule kwetu alipaka rangi boti yake akisema atakwenda kuona kaburi la mamake. Kabla siku hazijatimia mashambulizi yakazidi, Julai ikasemwa imeahirishwa. Sikulaumu kwa hilo, sisi ndio tunaozika watu wakishambuliwa, Lamu hakuna anayehitaji kufundishwa maana ya usalama. Siombi ufungue mpaka. Nisikizwe vizuri hapo, siombi mpaka ufunguliwe.

Halafu Machi 2024 Somalia wakaingia rasmi Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo sasa ni wenzetu. Mtu wa Busia akivuka kwenda Uganda kwa bahati mbaya haozi ndani siku 37 na familia yake haiuzi dhahabu. Sisi wa huku mwisho kwa nini iwe tofauti? Na huo mpaka wenyewe haukuwepo walipokuwepo wazee wetu. Bibi yangu mzaa mama kazaliwa Chovai, kisiwa cha Wabajuni kiko upande wa pili, akaolewa Kiunga, alikuja na jahazi na masanduku yake na hakuna alomuuliza karatasi. Waingereza waliwapa Wataliano Jubaland, ule upande wa kusini wa Somalia ya leo, mwaka 1925, wakachora, wakaondoka, na sisi tukabaki na mashangazi kule na wajomba huku. Yule mtu wa simu alosema Kibajuni, pengine ni binamu yangu. Nalifikiria hilo usiku nikikosa usingizi.

Kuna kijana wa kwetu amesoma sheria Mombasa, alinieleza mambo mawili nami nikayaandika kwenye daftari la hesabu za samaki. La kwanza, kuna Mkataba wa Vienna wa 1963 wa kazi za kibalozi, kifungu cha 36, mtu akikamatwa nchi ya kigeni na akitaka ubalozi wake ujulishwe basi lazima ujulishwe bila kuchelewa, na watu wa ubalozi wana haki ya kwenda kumuona, kuongea naye na kumtafutia wakili. Haikuandikwa pale kwamba lazima awe na pasipoti mfukoni. La pili, mkataba wa Umoja wa Mataifa wa sheria za bahari, Kenya na Somalia wote waliuridhia mwaka 1989, kifungu cha 73 kinasema chombo kikikamatwa kwa mambo ya uvuvi, chombo na mabaharia waachiliwe upesi dhamana ikiwekwa, na wasifungwe jela mpaka pawe na makubaliano ya nchi hizo mbili, na nchi yao ipashwe habari. Akaniambia hiki cha pili ni cha bahari ya mbali, nje ya maili 12, na ndugu yangu walimkuta karibu na pwani, kwa hiyo hakimgusi sawasawa. Nimekubali. Lakini kama dunia imekaa ikamfikiria hata yule wa meli kubwa anayevua makusudi bahari kuu, vipi huyu wa boti ya futi 23 aliekatikiwa na gea?

Ninachoomba si kikubwa. Kaa na mwenzako wa Somalia, muandike makubaliano madogo ya wavuvi walopotea: akipatikana mtu hana silaha, ana nyavu na kamba ndooni, ajulishwe wa upande wa pili siku hiyo hiyo na arudishwe na chombo chake, na sisi tuwafanyie wao vivyo hivyo, maana kaskazi ikivuma wa kwao nao wanaletwa kwetu. Na awepo mtu wenu wa karibu na Kismayu, Mogadishu ni mbali mno na Ras Kamboni. Na ile fomu ikubali kitambulisho. Na iwe na Kiswahili.

Na kama hayo yote yatachukua muda, na najua yatachukua muda kwa sababu kila kitu chetu kinachukua muda, basi nipe moja tu. Nipe namba ya simu. Namba moja inayopokelewa na mtu, mchana na usiku, anayejua Kiswahili, anayejua Kiunga iko wapi bila kuelezwa, ambaye mama akimwambia "mwanangu kachukuliwa na maji" hatamuuliza ni diaspora wa nchi gani. Ibandikwe Kiunga, Mkokoni, Kiwayuu, Ndau, Faza, Kizingitini, ibandikwe kila diko, hata kwa rangi juu ya ukuta wa banda la samaki. Hiyo haihitaji bunge wala The Hague. Ni simu na mtu wa kuipokea.

Leo ni siku ya tisa tangu wale vijana watatu watoke Ndau. Ile namba ya 252 haijapiga tena. Mama yake mmoja wao amehamia kwa dada yake hapa Amu kwa sababu mtandao wa huku ni mzuri kidogo, simu haitoki mkononi, akienda kutawadha anamshikisha mjukuu. Kila siku baada ya Isha anapita kwangu, anakaa kwenye baraza, hasemi kitu, ananiangalia tu. Leo pia atakuja. Mheshimiwa Waziri, nakuomba, nipe namba nimpe.

Wako,
Dada wa mvuvi
Langoni, Lamu