Kitabu kilichokwisha kusomwa kisifungiwe kabatini

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwakumbushe wasomaji wenzangu kwamba Siku ya Vitabu na Hakimiliki Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 1995, huadhimishwa kila tarehe 23 Aprili, ingawa kwa maoni yangu hotuba za siku hiyo, hata ziwe tamu kiasi gani, hazimvuti mtu kusoma kama anavyovutwa na rafiki anayemtia kitabu mkononi na kumwambia, "Anzia hapa."

Ninayo riwaya moja ambayo jalada lake sasa limeshikiliwa na utepe wa gundi, na kila aliyeiazima ameandika jina lake kwa penseli kwenye ukurasa wa mwisho. Majina yamefika 11, na mmoja wao, aliyeapa kwamba hana muda wa kusoma, aliirudisha baada ya siku tatu akidai sehemu ya pili, ambayo kwa bahati mbaya haijaandikwa.

Wazazi nao wasiwaachie walimu kazi hii, kwani dakika 15 za kumsomea mtoto kwa sauti kabla hajalala, simu ikiwa imewekwa kando, zinatosha kwa kuanzia. Nawasihi wenye vitabu vilivyolala kabatini waviazimishe wiki hii, wakijua fika kwamba vingine havitarudi.

Wako,
Mpenzi wa vitabu