Kodi ya mapato ikifutwa Marekani: barua kwa Baba Mdogo

Houston, Texas
Jumamosi, 18 Aprili 2026

Baba Mdogo, shikamoo.

Natumaini barua hii itakukuta u mzima wa afya, pamoja na Mama Mdogo na wote walioko hapo Ngamiani. Sisi huku hatujambo, watoto wanaendelea na masomo, na mwenzangu anakuamkia sana.

Katika ujumbe wako wa sauti uliniuliza jambo ambalo niliona si haki kulijibu kwa simu ya dakika tatu. Umesikia kwamba wako Wamarekani wanaotaka kuifuta kodi ya mapato ya serikali yao kuu, ukataka kujua wakiifuta wataweka nini mahali pake, na sisi tunaoishi kwa mshahara tutapata nafuu au tutaumia. Nimechelewa kukujibu kwa sababu wiki hii yote tulikuwa ndani ya kodi hiyohiyo. Jumatano, tarehe 15, ndiyo iliyokuwa siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani, yaani fomu ya kueleza mapato na kodi ya mwaka.

Naomba nianze na karatasi iliyo mbele yangu hapa mezani, yaani hati yangu ya mshahara wa wiki mbili. Nimefanya kazi saa 80 katika nyumba ya kutunzia wazee na nimepata dola 1,400 kabla ya makato. Kodi ya mapato ya serikali kuu imechukua dola 16 na senti 15. Mstari wa chini yake ni mchango wa hifadhi ya jamii, asilimia 6.2, dola 86 na senti 80. Na unaofuata ni wa bima ya afya ya wazee, asilimia 1.45, dola 20 na senti 30. Jimbo la Texas halikati kitu, kwa kuwa ni miongoni mwa majimbo machache yasiyotoza kodi ya mapato kwenye mishahara. Kwa hiyo ile kodi inayopigiwa kelele ndiyo ndogo kuliko zote kwenye karatasi yangu. Mke na mume wanaowasilisha ritani pamoja husamehewa kwanza zaidi ya dola 30,000 za mapato yao ya mwaka, na kinachozidi hapo ndicho kinachoanza kutozwa asilimia 10, kisha viwango hupanda kwa ngazi saba hadi asilimia 37 kwa wenye mapato makubwa kabisa. Mchango wa hifadhi ya jamii hauna msamaha wa aina hiyo: unaanza kwenye dola ya kwanza, na kwa wenye mishahara minono unakoma wakishafika kiwango kilichowekwa.

Hali ya mwenzangu ni nyingine. Yeye anabeba abiria kwa programu ya simu, na sheria inamhesabu kuwa amejiajiri, kwa hiyo hana mwajiri wa kuchangia naye nusu kwa nusu; analipa pande zote mbili, asilimia 15.3 ya sehemu kubwa ya faida yake, na kodi ya mapato juu yake. Jumapili iliyopita tulimwaga mezani boksi la viatu lenye risiti za mwaka mzima na daftari lake la safari, tukaanza kutenganisha maili alizokwenda na abiria na zile alizokwenda kuwapeleka watoto shule, maana za kwanza hupunguza kodi na za pili hazipunguzi. Saa saba ya usiku tulikuwa bado tuko mwezi wa Agosti. Nilimwona mume wangu, mtu mwaminifu asiyedhulumu hata senti, akiishika kalamu kwa woga kana kwamba anaandika maelezo polisi. Hapo nikawaelewa wanaosema kodi hii ing'olewe na mizizi yake.

Sasa nikurudishe kwenye kazi uliyoifanya maisha yako yote, kwa sababu hadithi hii inaanzia forodhani. Kwa zaidi ya miaka mia moja serikali kuu ya Marekani iliishi hasa kwa ushuru wa bidhaa zinazoingia bandarini, pamoja na ushuru wa pombe na tumbaku. Kodi ya mapato ilitozwa kwa muda wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, kuanzia mwaka 1861, ikaachwa mwaka 1872. Wakulima wa magharibi na kusini ndio waliolalamika kwamba ushuru wa forodha unawabana wao wanaonunua jembe na nguo, huku matajiri wa mijini wakiguswa kidogo tu. Mwaka 1894 Bunge likapitisha kodi ya asilimia 2 kwa mapato yaliyozidi dola 4,000. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ya nchi ikaibatilisha. Ikabidi Katiba yenyewe irekebishwe, na marekebisho ya 16 yakapita Februari 1913. Kodi ya mwanzo ilikuwa kati ya asilimia 1 na 7, na mtu asiye na ndoa alisamehewa dola 3,000, fedha ambazo wafanyakazi wengi wa wakati ule hawakuzipata kwa mwaka. Ilikuwa kodi ya wachache. Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyoifanya kuwa ya kila mtu, na mwaka 1943 ndipo waajiri walipoagizwa kuikata kwenye mshahara kabla haujamfikia mfanyakazi. Kwa maneno mengine, kodi hii tunayotafutiwa mbadala wake ilizaliwa yenyewe ikiwa mbadala wa forodha.

Ndiyo maana nilishtuka niliposikia pendekezo la kurudi kulekule. Donald Trump, tangu kampeni za mwaka 2024, amelizungumza mara kadhaa wazo la ushuru wa forodha kuchukua nafasi ya kodi ya mapato. Wewe ulinifundisha, nikiwa mtoto nakuletea chakula pale bandarini Tanga, kwamba mwenye shehena hutangulia tu kulipa ushuru, na anayeulipa hasa ni mama anayenunua kanga dukani. Lakini tuache hilo, tuangalie hesabu peke yake. Katika mwaka wa fedha wa 2024 kodi ya mapato ya watu binafsi iliingiza kama dola trilioni 2.4, karibu nusu ya mapato yote ya serikali kuu, na forodha ikaingiza kama bilioni 77. Bidhaa zote zilizoingia nchini mwaka huo zilikuwa na thamani ya trilioni 3 na kidogo. Ili forodha izibe pengo hilo, kila kitu kinachoshushwa melini kingetozwa zaidi ya asilimia 70, na hapo tunakubali kwamba watu wangeendelea kununua kama zamani, jambo ambalo wewe uliyekaa kaunta ya forodha unajua halitokei.

Pendekezo la pili, ambalo lina wafuasi wengi hapa kusini, linaitwa FairTax. Mbunge wa Georgia, John Linder, alilipeleka bungeni kwa mara ya kwanza mwaka 1999, na tangu hapo limerudishwa mara nyingi bila kupita. Linataka kufuta kodi ya mapato, makato ya hifadhi ya jamii na kodi ya mirathi kwa pamoja, pamoja na idara yenyewe ya mapato, kisha iwekwe kodi moja ya mauzo kwa mnunuzi wa mwisho. Wanasema ni asilimia 23. Naomba uipige hesabu hiyo kwa mkono wako. Kitu cha dola 100 kitauzwa dola 130. Dola 30 ni asilimia 23 ya hizo 130, lakini kwa namna tunavyohesabu VAT, kodi ya ongezeko la thamani, nyumbani, juu ya bei ya kitu, hiyo ni asilimia 30. Kila familia ingeletewa fedha mwanzoni mwa mwezi za kufidia kodi ya mahitaji ya lazima, na hilo ni jambo jema la kweli, ingawa wasio na vibali vya kuishi hapa wasingelipata huku wakitozwa dukani kama wengine.

Nitakuwa mkweli kwako: kwa upande wetu binafsi pendekezo hili lina mvuto. Makato yote ya mshahara wangu yangeondoka, boksi la risiti lingetupwa, na fedha ninazokutumia zisingeguswa, kwa kuwa zinatumika Tanga na kodi hiyo ni ya matumizi ya hapa. Ila kila asubuhi ninamwogesha bibi mmoja wa miaka 88, mwalimu mstaafu, aliyeweka akiba yake kidogo kidogo baada ya kulipa kodi ya mapato kwa miaka arobaini. Chini ya FairTax angelipa tena anapoitumia akiba hiyohiyo, na matibabu na kodi ya pango vingetozwa, kwa kuwa huduma nazo zimo. Siwezi kufurahia nafuu inayotoka kwenye kitanda chake.

Kuna jambo jingine ambalo mtu wa Tanzania analiona haraka kuliko Mmarekani. Texas tuna kodi ya mauzo ya asilimia 8.25 hapa mjini. Unga, mchele na maziwa vimesamehewa, lakini sabuni ya kufulia ya dola 12 inaongezewa senti 99, na hakuna anayehangaika kuikwepa. Ikifika asilimia 30, na yote ikusanywe kwa muuza duka wa mwisho, nani asiyejua kitakachofuata? Kutakuwa na bei ya risiti na bei bila risiti, na muuzaji mwaminifu atafunga duka kabla ya yule anayekwepa.

Wako pia wanaotaka kodi ya mapato ibaki lakini iwe na kiwango kimoja. Wasomi wawili, Robert Hall na Alvin Rabushka, walipendekeza asilimia 19 mwaka 1981, ritani iwe ndogo kama kadi ya posta. Mchapishaji wa magazeti, Steve Forbes, akagombea urais mwaka 1996 akinadi asilimia 17. Na Estonia iliitekeleza kweli mwaka 1994, kwa asilimia 26. Mimi hainishawishi. Ngazi saba za viwango zinamalizwa kwa mstari mmoja wa jedwali. Kilichotukesha sisi ni kuamua mapato ni yapi na gharama ni zipi, na kiwango kimoja hakingetupunguzia hata risiti moja. Kodi ya ardhi, aliyoitetea mwandishi wa uchumi Henry George tangu mwaka 1879, naipenda kwa haki yake, kwa kuwa ardhi haifichwi wala haihamishwi, na nyumbani pango la ardhi tumelizoea. Lakini Katiba yao inataka kodi za aina hiyo zigawanywe kwa majimbo kufuata idadi ya watu, kwa hiyo kwa serikali kuu njia hiyo imezibwa.

Ninaloliunga mkono mimi ni pendekezo la profesa wa sheria Michael Graetz. Zaidi ya nchi 170 zina VAT na Marekani haina. Yeye anasema iwekwe, na fedha zake zitumike kuziondoa kabisa familia zenye mapato ya chini ya dola 100,000 kwenye kodi ya mapato, wenye zaidi ya hapo waendelee kulipa, na wenye kipato kidogo warudishiwe fedha kupitia mishahara yao ili wasiumizwe na VAT. VAT hukusanywa hatua kwa hatua, kiwandani, kwa muuzaji wa jumla, kwa wa rejareja, hivyo mmoja akificha sehemu yake nyingine zimeshaingia hazina. Mimi ningeongeza sharti moja: sehemu ya fedha hizo ipunguze makato ya hifadhi ya jamii kwa wenye mishahara midogo, kwa sababu, kama karatasi yangu inavyoonyesha, kuniondolea dola 16 na kuniachia dola 107 si msaada mkubwa. Wapinzani wanahofu kwamba kodi mbili zikishakuwepo zote zitapanda. Hofu hiyo naiheshimu, ila ninakumbuka kwamba VAT yetu ilianza na asilimia 20 mwaka 1998 na mwaka 2009 ikashushwa hadi 18.

Kuhusu kodi mpya ya fedha zinazotumwa nje, ambayo Mama Mdogo aliiulizia kwa wasiwasi: ni kweli ipo tangu Januari mwaka huu, asilimia 1, lakini inamhusu anayelipa kwa fedha taslimu au hati za malipo za namna hiyo. Anayetuma kutoka akaunti ya benki ya hapa au kwa kadi yake haguswi, nami natuma kwa kadi. Jirani yangu hana akaunti. Kwa kila dola 200 anazompelekea mama yake sasa anaongeza 2, na nimeahidi kumsindikiza benki Jumanne afungue. Ada ya wadogo zangu nimeituma jana, tafadhali uniambie ikifika.

Nina ombi moja. Kodi ya mauzo ilipoondolewa na VAT kuingia mwaka 1998 wewe ulikuwa bado kazini, nami nilikuwa mtoto. Niambie bei za sabuni na mafuta ya taa zilikwendaje miezi ile ya mwanzo, wenye maduka ya Barabara ya 12 walifanya nini, na wateja walichukua muda gani kuzoea. Nitakayoyapata kwako nitayapeleka kwenye mkutano wa wakazi na mbunge wa eneo letu, nikipata nafasi ya kuzungumza.

Nisalimie wote, na umwambie Bibi kwamba dawa yake ya macho nimeipata.

Mwanao,
wa Houston