Bethidei ya Liemba, Ujiji

Mhariri,

Siku hizi mzazi asiye na keki ya ghorofa anaonekana hampendi mwanawe. Mjukuu wangu alitaka bethidei ya Liemba, ile meli kongwe ya Ziwa Tanganyika. Baba yake akaunganisha maboksi ya sabuni kwa uji mzito wa muhogo, kopo la maziwa likawa bomba la moshi. Watoto wakaizamisha kwenye beseni la kufulia, kama Wajerumani walivyoizamisha yenyewe mwaka 1916, kisha wakaivuta kwa kamba. Ile ya kweli iliibuliwa 1924. Boksi lililowa chapachapa, lakini kelele zake! Tukala wali kwa migebuka. Maputo tulinunua, sikatai. Gazeti lako lina kurasa za harusi za kukodi kumbi. Litupe na sisi kona ya picha.

Bibi wa Ujiji,
Kigoma