Kiwanja kuwa wazi hakutoshi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie namna viwanja vya maduka vinavyoteuliwa katikati ya miji. Kazi yangu ni kuvikagua, na kinachoniuma ni kuona kiwanja kikipitishwa mezani kwa sababu tu kiko wazi.

Mwaka jana nililetewa ramani ya kiwanja ambacho kwenye karatasi hakikuwa na kasoro. Nikaenda kusimama pale tangu asubuhi hadi jioni na kidude cha kuhesabia watu, mpaka kidole gumba kikafa ganzi. Watu walikuwa wengi kweli, ila karibu wote walipita ng'ambo ya barabara, kwenye kituo cha basi, na katikati kuna uzio wa chuma. Fremu zingejengwa zikitazamana na wateja wasioweza kuzifikia. Uchochoro wa nyuma nao lori la mizigo lingeingia lakini lisingegeuka. Lingerudi kinyumenyume hadi barabarani, wanakopita watoto wa shule. Ramani haikuonyesha hata moja kati ya hayo.

Wapo wanaosema basi maduka makubwa yahamie nje ya mji, kwenye nafasi. Siafiki. Sera ya mipango ya England humtaka mwekezaji atafute kwanza katikati ya mji, akikosa aende ukingoni, yaani ndani ya mita 300 kutoka eneo kuu la maduka, na nje kabisa iwe mwisho. Mwaka 2012, katika kesi iliyotoka Dundee, Scotland, Mahakama ya Juu ya Uingereza ilisema kiwanja kinachofaa ni kile kinachoufaa mradi anaoutaka mwombaji wa kibali cha ujenzi. Wawekezaji huishia hapo kunukuu, wakisema viwanja vya katikati ya mji haviufai mradi wao. Lakini mahakama hiyohiyo ilimtaka mwombaji awe ameangalia kwa dhati kama mradi wake unaweza kujengwa kwa sura nyingine. Je, duka haliwezi kuwa la ghorofa mbili? Maegesho hayawezi kupungua? Maswali hayo naona yakirukwa kila mara.

Naomba kila ombi liambatanishwe na hesabu ya wapita njia, ya siku ya kazi na ya mwisho wa wiki, pamoja na mchoro wa lori linavyogeuka.

Kuhusu kiwanja kile, nilipendekeza uzio ukatwe na kivuko kichorwe mbele ya kituo, na mizigo ishushwe alfajiri kwa magari madogo. Hadi leo sijajibiwa.

Mkaguzi wa viwanja